Kumpigania Nguva wa Lamu kwa Njia ya Sheria: Mwongozo Kamili

Wazee wa Kizingitini na Kiunga waliomuona nguva kwa macho yao bado wako hai. Wajukuu wao wengi wanamjua kwa picha za simu tu. Nguva ni mnyama anayenyonyesha, hufikia urefu wa mita 3, anakula nyasi za baharini, na kila baada ya dakika chache hana budi kuibuka kuvuta pumzi. Jarife, ule wavu mkubwa wa kutegwa, likimshika chini, hafi kwa jeraha. Anakufa kwa kukosa pumzi. Jike hubeba mimba miezi 13 au 14, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka 3 na pengine hata 7 kabla ya kuzaa tena. Kwa uzazi wa namna hiyo, majike wachache wakinaswa kila mwaka, kizazi kizima kinakwenda.

Mwaka 2022, IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi unaotoa Orodha Nyekundu ya viumbe, uliwapima nguva wa Afrika Mashariki peke yao na kuwaweka daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Waliokomaa hawafiki 250 katika pwani yote hii, na kundi pekee lenye idadi ya kutegemewa liko Bazaruto, Msumbiji. Wa Lamu ni wachache mno.

Mwongozo huu ni wa mvuvi, kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao), mwalimu au kijana wa kikundi cha mazingira anayetaka sheria imlinde mnyama huyu kwa vitendo. Niseme mapema ninachokiamini: kesi ya namna hii huamuliwa kabla jaji hajafungua faili. Huamuliwa kwenye daftari la mvuvi, na kwenye tarehe ambazo watu waliziacha zipite. Ukifika mahakamani utamhitaji wakili, lakini wakili anayepokea mteja aliyejitayarisha hufanya kazi tofauti kabisa na yule anayeletewa malalamiko matupu.

Hatua ya 1: Jua sheria inasema nini sasa

Watu wengi huanza kwa kudai sheria mpya itungwe. Usianze huko. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, na inawahusu wanyama wa baharini kama inavyowahusu wa nchi kavu. Ichukue nakala yake bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na hakikisha ni toleo lenye marekebisho yote, maana vifungu vya adhabu vimebadilishwa tangu sheria ilipopitishwa.

Fungua sehemu mbili kwanza. Ya kwanza ni Jedwali la Sita, lenye orodha ya taifa ya viumbe walio hatarini, wakiwa wamepangwa kwa madaraja. Tafuta kwa jina la kisayansi, Dugong dugon, uandike daraja alilowekwa. Ya pili ni kifungu cha 92, kinachohusu makosa dhidi ya viumbe walio hatarini. Kilipotungwa mwaka 2013 kilitaja faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Baada ya marekebisho, kinawataja viumbe wa Jedwali la Sita na pia wale wa Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Nguva yumo kwenye Kiambatisho hicho cha Kwanza. Hoja hiyo ishike vizuri, kwa sababu utakutana na afisa atakayekwambia kwamba nguva ni “mambo ya uvuvi” na hayahusu wanyamapori.

Juu ya sheria hiyo kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinailazimisha serikali kulinda bayoanuwai na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara, na hapo ndipo mlango wa nguva ulipo: hana mali na hana sauti, lakini mkazi yeyote wa Faza anaweza kusimama kwa ajili ya bahari anamoishi. Kifungu cha 2(6) nacho kinaingiza mikataba iliyoridhiwa na Kenya katika sheria zetu. Hapo taja CITES, na taja Mkataba wa Nairobi wa 1985 unaohusu bahari ya ukanda huu, ambao itifaki yake ya wanyama na mimea inamweka nguva kati ya wanaohitaji ulinzi maalumu.

Hatua ya 2: Amua unaomba nini hasa

“Tunataka nguva alindwe” si ombi. Hakuna ofisi inayoweza kulitekeleza, wala jaji anayeweza kulitolea amri. Kwa hali ya Lamu, naona kuna mambo matatu yanayoweza kuombwa kwa jina.

Kwanza, daraja. Kimataifa nguva ameorodheshwa kama mnyama aliye katika hali dhaifu tangu 1982, lakini daraja hilo ni la dunia nzima, na linabebwa na maelfu ya nguva walioko Australia. Tathmini ya 2022 inawahusu wa kwetu. Ombi ni kwamba Waziri alinganishe daraja la taifa na hali ya pwani hii.

Pili, mpango wa kurejesha idadi yake. Sheria ya 2013 inataka kuwe na mipango ya namna hiyo kwa viumbe walio hatarini. Uliza kama wa nguva upo, na kama upo, umetekelezwa kiasi gani.

Tatu, mahali. Hili ndilo zito kuliko yote na ndilo linalosahaulika. Unaweza kumpandisha nguva daraja la juu kabisa, na bado mkondo wa malisho yake ukachimbwa kesho. Kwa hiyo taja mabustani ya nyasi za baharini kwa majina yanayotumiwa na wavuvi, na uombe masharti ya mahali: jarife lisitegwe pale, vyombo vya mashine vipunguze mwendo, uchimbaji usifanywe bila tathmini inayomtaja nguva kwa jina. Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ilitangazwa mwaka 1979, lakini nguva hajui mpaka wa hifadhi unaishia wapi, na malisho yaliyo nje yake yanahitaji ulinzi wa aina nyingine.

Hatua ya 3: Daftari

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi za mazingira hudhoofika. Upande wa pili utakuja na mtaalamu mwenye ripoti ya kurasa 300 inayosema “hakuna nguva aliyeonekana wakati wa utafiti.” Kama wewe huna kitu mkononi, ukimya wa ripoti ile utahesabiwa kuwa ukweli.

Kila BMU iwe na daftari moja gumu, la kurasa zilizoshonwa, lisilochanwa. Liwe na mtu mmoja wa kulitunza na mwingine wa kumkaimu. Anayemuona nguva, hai au mfu, aandikishe siku ileile. Maandishi yawe ya namna hii:

“Jumanne, alasiri, bamvua, maji yakipwa. Mkondo kati ya Ndau na Kiwayu. Nguva wawili, mdogo yuko ubavuni mwa mkubwa. Wameibuka mara nne, kisha wameelekea kwenye nyasi. Hatukuwa na wavu majini. Nahodha na mabaharia wawili wameona. Picha tatu, simu ya baharia.”

Ongeza tarehe kamili, majina na sahihi zao, au alama ya kidole gumba. Angalia yaliyomo: hali ya maji, mahali, idadi, tabia ya mnyama, mashahidi, na chombo kilikuwa kikifanya nini. Hakuna “nguva wanaisha.” Hakuna “serikali imelala.” Hisia zina mahali pake, lakini daftari lenye hisia ni rahisi kuliangusha mahakamani.

Andikeni pia alama za malisho. Nguva anapokula hung'oa nyasi pamoja na mizizi na kuacha mfereji mwembamba uliopinda kwenye mchanga, wenye upana wa kiganja hivi, unaoweza kuendelea mita kadhaa. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, mifereji hii huonekana. Weka rula au kiatu pembeni kuonyesha ukubwa, piga picha, kisha rudi bamvua linalofuata upige tena palepale. Ushahidi huu una thamani kubwa, kwa sababu unathibitisha kwamba mnyama anapatumia mahali hata kama hakuna aliyemuona.

Kuhusu picha za simu, washa kwanza kipimo cha mahali ndani ya simu. Ihifadhi picha ya asili kwenye simu iliyopiga na kwenye kadi nyingine. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kupoteza taarifa zake za saa na mahali. Tuma kama faili. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti cha kueleza ulivyopatikana, kwa hiyo aliyepiga picha ajulikane tangu mwanzo. Na tafadhali, msiweke mahali kamili pa nguva kwenye kurasa za mitandao. Anayemtafuta kwa ajili ya nyama na mafuta naye ana simu.

Ushuhuda wa wazee ni hazina ya pekee, kwa sababu wao ndio wanaoweza kueleza hali ilivyokuwa kabla hakujawa na rekodi. Lakini namna ya kuuliza ni muhimu. Ukimwambia, “Mzee, nguva wamekwisha kwa sababu ya bandari, sivyo?” atakubali kwa adabu tu, na wakili wa upande wa pili ataligundua hilo kwa swali moja. Muulize hivi: “Shikamoo mzee. Wakati ukivua, nguva ulikuwa ukimuona wapi? Msimu gani, kaskazi au kusi? Mara ya mwisho ilikuwa kabla au baada ya mafuriko ya El Niño?” Kumbukumbu za wazee hufungamana na matukio, na El Niño ya 1997 inakumbukwa na kila mtu. Andika maneno yake kama alivyoyasema, umsomee, arekebishe, kisha atie sahihi.

Halafu kuna jambo linalowatia wavuvi hofu: nguva aliyenaswa kwa bahati mbaya. Mvuvi anajua kwamba kupatikana na nguva ni kosa, kwa hiyo anamkata, anagawa nyama, na kifo kile hakiandikwi popote. Nyama ile inaweza kumfunga, na kifo kisichoandikwa kinaiondolea kesi ushahidi wake mkubwa. Kabla hamjaanza kukusanya rekodi, viongozi wa BMU wakutane na afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na afisa wa uvuvi wa eneo, wakubaliane kwa maandishi utaratibu wa kuripoti: nani apigiwe simu, mzoga uwekwe wapi, nani ataupima. Aliye hai akatiwe nyavu na kuachiwa mara moja, kichwa chake kikiwa juu ya maji wakati wote. Mfu asikatwe wala asihamishwe mpaka afisa afike. Asibaki mtu na jino, ngozi wala chupa ya mafuta, hata kama bibi nyumbani anayaamini kwa dawa.

Hatua ya 4: Omba taarifa kwa maandishi

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ni silaha ambayo watu wa pwani hawajaitumia vya kutosha. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria yenyewe inasema Kiingereza au Kiswahili. Asiyeweza kuandika ana haki ya kuandikiwa na afisa wa habari. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unachoweza kudaiwa ni gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu ikiwa kazi ni kubwa.

Barua iwe fupi:

“Kwa Afisa wa Habari. Mimi ni raia wa Kenya, mkazi wa Kaunti ya Lamu. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za: (1) kumbukumbu zote za nguva walioonekana, walionaswa au waliokufa katika Kaunti ya Lamu tangu 2014, (2) mpango wa kurejesha idadi ya nguva, na kama haupo, mthibitishe kwa maandishi kuwa haupo, (3) ripoti za ufuatiliaji wa nyasi za baharini katika maeneo yaliyochimbwa kwa ajili ya Bandari ya Lamu, Ghuba ya Manda.”

Nambari ya pili ndiyo yenye makali. Barua ya serikali inayokiri kwamba mpango haupo inaweza kubeba nusu ya kesi yako. Peleka barua kwa KWS, kwa Huduma ya Uvuvi, na kwa NEMA, mamlaka ya mazingira. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakinyamaza au wakikataa, una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman, iupitie uamuzi huo.

Hatua ya 5: Tumia mamlaka mliyo nayo tayari

Kanuni za BMU zinawapa wavuvi nafasi ya kutunga sheria ndogo za eneo lao, na kupanga pamoja na serikali jinsi ya kulisimamia. Maana yake ni kwamba BMU ya kijiji inaweza kukubaliana kuondoa jarife kwenye mkondo fulani wa malisho, kisha sheria hiyo ndogo ikaidhinishwa na afisa wa uvuvi na kuwa na nguvu.

Njia hii haina shangwe za mahakama, lakini ni ya haraka, na ina faida nyingine: mtakapofika mbele ya jaji mkisema serikali imlinde nguva, mtaonyesha kwamba wavuvi wameshaanza kujizuia wenyewe. Tahadhari moja tu. Wenye majarife wawepo kikaoni tangu mwanzo, kwa sababu ni chakula cha watoto wao kinachozungumzwa. Sheria ndogo iliyopitishwa na wenye malema na mishipi bila wao italeta ugomvi bandarini, na nguva atazidi kufa kwa siri.

Hatua ya 6: Maombi kwa Waziri, kaunti na Bunge

Kwa Waziri wa wanyamapori, andikeni ombi la kubadilisha daraja na kuandaa mpango. Yeye ndiye hubadilisha majedwali kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, akipokea ushauri wa KWS, hivyo KWS wapate nakala. Ambatisheni muhtasari wa daftari, tathmini ya IUCN, na ramani iliyochorwa na wavuvi. Kurasa 5 zinatosha.

Bunge la Kaunti linapokea maombi ya mwananchi chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na Bunge la Taifa chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba. Ombi kwa Bunge la Taifa hupelekwa kwa Karani, linaweza kuwa la Kiswahili, na lazima liwe na lugha ya heshima. Mnatakiwa kueleza kama mlishajaribu ofisi nyingine na kama jambo lenyewe liko mahakamani. Zile barua zenye mihuri za hatua ya 4 zinafanya kazi tena hapa.

Msiiruke ngazi ya kaunti. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Wanyamapori kinasema mgogoro wa uhifadhi uanzie ngazi ya chini kabisa ya ugatuzi, na usipotatuliwa uende kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, maarufu kama NET, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mawakili wa serikali wanakijua kifungu hicho, na hoja ya kwanza watakayoitoa ni kwamba mmeruka ngazi. Kesi nzuri hufutwa kwa sababu hiyo bila nguva kutajwa hata mara moja.

Hatua ya 7: Miradi, na zile siku 60

Mradi mkubwa unapopangwa baharini au ufukweni, mwenye mradi lazima afanye tathmini ya athari kwa mazingira, na NEMA hutangaza ripoti ili watu watoe maoni. Mtu mmoja kijijini apewe kazi ya kufuatilia matangazo hayo kila wiki, kwenye Gazeti Rasmi, magazeti ya kawaida na redio. Ripoti ikitoka, itafuteni nguva ndani yake. Kama hatajwi, au ametajwa kwa sentensi moja, andikeni maoni mkiambatisha nakala za daftari, na mpeleke kabla tarehe iliyotajwa haijapita. Hata wasipoyafuata maoni yenu, hawataweza kusema baadaye kwamba hawakujua.

NEMA ikitoa leseni, kifungu cha 129 cha sheria ya mazingira ya 1999 kinawapa siku 60 za kukata rufaa NET. Hesabuni kwa kalenda ukutani. Mradi wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi ulipewa leseni mwaka 2016, na Save Lamu, muungano wa vikundi vya wakazi, ukakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 NET iliifuta leseni ile, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu walikuwa wameitwa kwenye mikutano ya awali, lakini ripoti kamili haikujadiliwa nao ilivyotakiwa. Kwa hiyo kila mwaliko, kila orodha ya mahudhurio, kila mkutano uliofanywa kwa Kiingereza mbele ya watu wasiokielewa, uandike. Mambo hayo ndiyo yaliyobeba kesi.

Hatua ya 8: Mahakamani

Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo Malindi. Kwa kesi ya kutetea haki za Katiba, Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kuifungua, na kwamba taratibu zipunguzwe kadiri iwezekanavyo. Kanuni za 2013 za kesi hizi zinaruhusu hata maandishi yasiyo rasmi, lakini ombi lazima lieleze mlalamishi ni nani, ukweli wenyewe, vifungu vya Katiba vilivyovunjwa, madhara yaliyotokea au yanayoweza kutokea, kesi nyingine zinazohusiana na jambo hilo, na mnaomba nini. Yasemwe wazi, moja moja.

Chini ya Kifungu cha 70, jaji anaweza kuzuia au kusimamisha tendo, kumlazimisha afisa wa umma achukue hatua, na kuamuru fidia kwa walioathirika. Kwa nguva, amri ya kumlazimisha afisa ndiyo yenye manufaa makubwa: “Waziri aandae mpango ndani ya miezi kadhaa na arudi mahakamani kuripoti.” Ikiwa mitambo iko karibu kuingia baharini, wakili aombe amri ya muda siku ileile ya kufungua kesi.

Hoja ya msingi iwe kanuni ya tahadhari, iliyomo katika sheria ya mazingira: palipo na tishio la madhara yasiyorekebishika, ukosefu wa uhakika wa kisayansi usiwe sababu ya kukaa bila kuchukua hatua. Kwa mnyama mwenye idadi ndogo kiasi hiki, takwimu kamili hazitapatikana kamwe. Anayedai zikamilike kwanza anasubiri aishe.

Hati za kiapo za wazee, zikiandikwa kwa Kiingereza, kila mmoja asomewe yake kwa Kiswahili mbele ya kamishna wa viapo kabla ya kutia sahihi, na hilo liandikwe ndani ya hati. Nawasihi mawakili wasiyalainishe maneno yao. Mzee akisema “tulikuwa tukiwasikia wakivuta pumzi usiku, tukiwa tumetia nanga,” sentensi ile ina uzito kuliko aya nzima ya maneno ya kitaalamu.

Kisha leteni utamaduni. Kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, iliyofunguliwa mwaka 2012 kuhusu Bandari ya Lamu, iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018. Mahakama iliona kwamba haki ya mazingira, haki ya kupata habari na haki za utamaduni za jamii zilivunjwa, na ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Kwa hiyo uvuvi wa asili wa Waswahili na Wabajuni umeshatambuliwa na mahakama kuwa utamaduni, na bahari yenye nguva ni sehemu ya utamaduni huo.

Njia hii ilishajaribiwa mbali, kwa ajili ya nguva huyuhuyu. Mwaka 2003 vikundi vya Japani na Marekani vilifungua kesi San Francisco kupinga kambi ya jeshi la Marekani huko Henoko, Okinawa, na nguva mwenyewe akaandikwa miongoni mwa walalamishi. Walitumia sheria ya Marekani ya kuhifadhi urithi, kwa sababu Japani inamlinda nguva kama kumbukumbu ya asili ya taifa. Mwaka 2005 mahakama ilikubali kwamba nguva anaweza kulindwa kwa sheria ile, na Januari 2008 ikaamua kwamba wizara ya ulinzi iliivunja. Wizara ikaenda kuandaa ripoti yake. Mwaka 2018 mahakama iliona ripoti hiyo inatosha, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Ujenzi ukaendelea.

Someni kesi hiyo kwa makini. Sheria waliyoitegemea ilidai utaratibu tu: wizara izingatie athari, basi. Haikumlazimisha mtu kuacha kujenga. Ndiyo maana nasisitiza msiombe ushirikishwaji na ripoti peke yake. Ombeni pia masharti ya mahali, yale ya hatua ya 2, chini ya Kifungu cha 42 na cha 69 cha Katiba. Katiba yetu inawapa nafasi ambayo walalamishi wa Okinawa hawakuwa nayo.

Kuhusu gharama, jaji ana hiari, na katika kesi za manufaa ya umma mara nyingi kila upande hubeba zake. Hata hivyo mwulizeni wakili swali hilo kabla hamjatia sahihi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa ya msaada huo, na kuna taasisi za haki za kikatiba zinazobeba kesi za mazingira bila malipo zikiona ushahidi umepangwa.

Hatua ya 9: Baada ya amri

Amri ikitolewa, wakili achukue nakala iliyothibitishwa na kuifikisha kwa kila afisa aliyetajwa, apokee sahihi yao. Bila hivyo, kumshtaki afisa kwa kudharau mahakama ni vigumu. Wekeni tarehe za kila agizo kwenye ile kalenda ya ukutani. Muda wa agizo ukipita bila utekelezaji, wakili arudi mahakamani wiki ileile. Msisubiri mwaka uishe.

Amri hiyo ifasiriwe kwa Kiswahili, isomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa na bandarini wakati vyombo vinarudi, Kizingitini, Faza, Ndau, Kiwayu na Kiunga, ili mwenye jarife ajue mkondo gani umefungwa na kwa nini. Na daftari la BMU liendelee kuandikwa siku ile na baada yake, kwa sababu upande ulioshindwa unaweza kukata rufaa, na mahakama ikiwarudisha kusikizwa upya mtaulizwa nguva wako wapi sasa.